Diski Zilizoachiwa Pindo

Saa mbili asubuhi, Pantaleo Masele, fundi wa breki mjini Shinyanga, amechuchumaa kando ya gari dogo jekundu la Kiingereza, la viti viwili. Ameinua diski ya breki iliyoshika kutu. Anaigonga kwa spana, anatega sikio. Yenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Hii inalia vizuri.

Juu ya gunia ziko diski nyingine mbili, mpya, zinang'aa kama sinia za harusi. Hazifai kitu.

"Miezi minne," anasema, akijifuta uso kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi. "Gari moja."

Gereji yake ina shimo moja tu la kufanyia kazi chini ya magari, na gari hilo limelikalia bila magurudumu. Malori ya tumbaku ya Ushetu, yaliyokuwa yakimpa shilingi mia sita kwa mwezi, siku hizi yanampita yakienda kwa fundi mwingine.

Mwenye gari ni Champaklal, muuza vitambaa, ambaye huchagua vipuri kama anavyochagua hariri, kwa mng'ao. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe mwaka 1977, hutegemea shemeji yake wa Mwanza kumtafutia vipuri. Diski za kwanza zilikuja na matundu matano, gari linataka manne. Za pili zilikuwa zimelika, nyembamba kama chapati.

Ndipo Pantaleo akakata kipimo cha bati, akampa Champaklal akipeleke Mwanza. Kwa kuogopa makali ya bati, mzee akakinakili kwenye karatasi ngumu, na kwa mazoea ya dukani akaongeza nusu inchi kuzunguka. Zikaja diski zilizochongwa kwa kipimo cha karatasi ile ile, mpya kabisa, zisizoingia.

"Nimeacha ya pindo, fundi," alieleza kwa upole. "Ikizidi unapunguza."

Pantaleo anasema aliketi chini kwanza. "Nikamwambia, mzee wangu, hili si gauni."

Wiki iliyopita alipanda basi mwenyewe hadi Mwanza, akafungua hizi zenye kutu kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokufa. Unene unatosha. Mkerezaji wa vyuma wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, atazilainisha uso.

Champaklal, aliyesimama mlangoni, hajafurahi. "Watu wataziona kupitia spoku za magurudumu."

"Wataziona gari likisimama," anajibu fundi.

Jumatatu Pantaleo anataka lori la kwanza la tumbaku lirudi shimoni. Kabla ya hapo kuna Jumamosi, siku ya majaribio. Tangu mwaka 1968, kila gari alilolitengenezea breki huliteremsha mlimani, mkewe Klara akiwa kando yake, ili mkono wake usifanye mzaha kazini.

"Safari hii Klara atapumzika," anasema. "Viti ni viwili. Kimoja changu, kingine cha mwenye gari."

Tangu asikie hayo, Champaklal haulizi tena habari za kutu. Anauliza unene.