Jua Letu, Kisanduku cha Watu

Wasomaji wangu, wiki iliyopita tulimzika mama mwenye mashine ya kusaga kule Nyabusozi. Hakuwa ndugu yangu. Nilikuwa mteja tu, mmoja wa wale wanaotua debe la mahindi na kusubiri kimya, lakini yeye hakumwacha mtu akae kimya. "Shikamoo mama." "Marahaba. Leo ulimi umeuleta?" Wenzangu wakacheka.

Miaka mingi mashine yake ilitumia dizeli. Nchi za mbali zikigombana, bei ilipanda hapa kwetu, na wanawake wakarudi nyumbani na mahindi yao. Mwishowe aliuza ng'ombe wake, akanunua paneli na mota ya umeme wa jua. Injini ya dizeli aliiacha palepale. "Mama, umeweka mke mwenza humu ndani!" wateja wakamtania. "Waache waoneane wivu, mimi nataka unga."

Mwaka huu inverta ikafa, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli ili mota izunguke. Fundi wa muuzaji alisema kipuri kitatoka ng'ambo, na kwamba kisanduku kikifunguliwa, dhamana ya kutengenezewa bure imekwisha. Mama akamtazama. "Jua si letu?" "Ni letu." "Na kisanduku?" "Cha waliokitengeneza." Kisha, labda kwa kumfariji, fundi akasema hata Ngara kuna nikeli ardhini, na mataifa makubwa yanaitaka kwa ajili ya betri. Mama akasahau hasira. "Kumbe! Inatoka hapa udongo, inarudi betri. Katikati pana nini?" "Viwanda, mama. Na ujuzi." "Sasa hapo katikati mbona hamtupeleki?" Fundi akainama kukusanya vifaa vyake.

Swali hilo bado ninalo. Jana tuliwategemea wenye mafuta. Kesho huenda tukawategemea wenye viwanda vya paneli, huku jua likituwakia bure. Wakubwa wanapopatana juu ya mambo haya, natamani kujua nani anauliza habari za huko katikati.

Kipuri hakikufika. Siku ya msiba jua lilikuwa kali, tangi la dizeli tupu, na mahindi ya kuwapikia waombolezaji tuliyapakia kwenye pikipiki, yakasagwe Lusahunga. Tulipita mbele ya mashine yake, paneli zinang'aa juu ya bati. Nilichojifunza ni hiki: jua haliwi letu kwa kutuangukia tu uani. Litakuwa letu siku tutakapoweza kukifungua kile kisanduku, tukakifunga tena, na unga ukatoka.