Gudulia la Jirani

Mke wangu alikuwa na haki ya lita moja ya maji kwa siku. Ndivyo tulivyoambiwa hospitalini figo zake zilipochoka: lita moja, na ndani yake uhesabu chai, mchuzi, uji, hata tikiti likiwa na maji mengi. Siku tatu kwa wiki tulipanda basi la Kipling kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, na siku nne zilizobaki alishinda na kiu. Nimefundisha watoto kufunga Ramadhani kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Mombasa, kisha hapa Rexdale, Toronto, katika chumba cha chini cha jengo letu, na kila mwaka niliwaambia kwamba kiu ina ujira wake. Sikuwahi kuwaambia habari za kiu isiyo na magharibi.

Alikuwa akinyonya barafu. Asubuhi moja, tukiwa ndani ya lifti naye ameshika kikombe chake cha vipande vya barafu, jirani yetu wa mlango wa tatu, bibi wa Kijapani aliyefiwa na mumewe, alimwuliza kama jino linamuuma. Kiingereza cha mke wangu kilikuwa cha dukani na cha daktari, lakini siku hiyo alikitumia chote. Akamweleza kwamba shida si uchache wa maji tu, maji ya huku hayana ladha. Kwao yalikaa kwenye gudulia, chombo cha udongo mtupu kilichofukizwa ubani, na mafunda mawili yalimtosha mtu. Akalichora hewani kwa mikono: tumbo, shingo nyembamba, mdomo. Yule bibi aliitazama ile mikono mpaka lifti ikafika, akatoka haraka bila kuaga. Nikadhani tumemchosha.

Siku ya pili alibisha hodi. Alikuwa na kitu amekifunga kwa kitambaa cha buluu, fundo juu. Akanipa kwa mikono miwili, akainama, akaenda zake.

Ilikuwa chupa ya udongo, urefu wake shubiri moja. Haikupakwa rangi wala haikung'arishwa. Upande mmoja ulikuwa na wekundu wa tofali, upande wa pili umeparama kijivu, kana kwamba mtu aliirushia majivu ikiwa bado ya moto, na ukiipapasa ilikwaruza kama kisigino kisichopata mafuta. Shingo ilikuwa nyembamba na mdomo umefunguka kidogo. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kikaratasi chenye maneno manne ya Kiingereza: My husband's. For sake.

Nilisoma Kiingereza skuli, tena kwa mwalimu mkali. Neno la mwisho nililijua: sake ni ajili. Kwa ajili. Kwa ajili ya nani, hakumalizia, nikamalizia mimi.

"Ameandika nini, Maalim?" mke wangu aliuliza toka kwenye kochi.

"Kwa ajili ya mumewe. Ametutolea sadaka."

"Sadaka ya marehemu! Nawe umesimama nayo mlangoni kama umeletewa barua ya mahakama. Lete gudulia langu."

Tukaisuuza kama unavyosuuza chombo chochote kigeni. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri niliijaza, nikaiweka dirishani penye ubaridi. Ikijaa ilitoa finjani saba za kahawa. Chupa mbili kwa siku, ndio mpango tuliopanga, na kilichobaki cha ile lita kikaenda kwenye chai na mchuzi. Alikunywa finjani mojamoja, amefumba macho.

"Yana utamu," alisema.

"Maji ya bomba ya Toronto?"

"Basi ulimi wangu mwongo. Onja."

Nikaonja. Kweli yalikuwa na kitu, si sukari, ni kitu nyuma ya ulimi. Tukasema ni udongo. Barafu ikaachwa. Kule hospitalini walikuwa wakimpima uzito kila tulipofika, ili wajue amebeba maji kiasi gani mwilini, na uzito ukaanza kutulia. Muuguzi akampa mkono. Mimi nikazidisha: nikawa naisomea Yasini na kupuliza mdomoni mwake, na mtu alipotuletea kichupa cha zamzam kutoka hija, nikaimimina humo. Tulimshukuru Mungu, na kila finjani ya mwisho mke wangu alimwombea yule marehemu tusiyemjua wema wowote ambao Mungu angependa kumpa.

Mwezi wa tatu, theluji ilipoanza kuyeyuka, mke wangu alipika mahamri akanituma nipeleke sahani. Jirani alifungua mlango, akafurahi, akaniita Sensei. Alikuwa amewasikia watoto wakiniita Maalim, akauliza maana yake, na tangu hapo akawa ananiita kwa neno la kwao la mwalimu.

"Maji vipi?" aliuliza.

"Matamu," nikasema. "Mke wangu hataki mengine."

Akapiga makofi. Akaniambia mumewe aliinunua kwao kwa mfinyanzi, tanuri lilichochewa kuni siku nyingi bila kupumzika, hakuna rangi, rangi ni moto na majivu yenyewe. Na mumewe hakuiacha ikae bure. Kila jioni, miaka arobaini, chupa moja. Hapo akajipigapiga mashavu kunionyesha yalivyokuwa yakimwiva mumewe, akainua kikombe kisichokuwepo.

"Sake," alisema.

Alilitamka silabi mbili, sa-ke, kama ambavyo ningelitamka mimi kama ningelisoma kwa Kiswahili.

"Pombe?" nikauliza.

"Ya mchele. Nilikuandikia, Sensei." Kisha akaongeza, kwa fahari, jambo ambalo alitaka nilichukue nyumbani kama zawadi ya pili: "Udongo unakunywa. Mume wangu akisema, nusu yangu, nusu ya chupa. Ndiyo maana maji yakawa matamu."

Sahani nilikuwa bado nimeishika. Ilibidi anichukulie mkononi.

Ukumbi wa ghorofa yetu ni mrefu, milango kumi na minne. Niliupita mlango wangu nikafika ngazi, nikarudi, nikaupita tena. Hukumu nilikuwa naijua. Ulevi ni najisi, na chombo kilichoingia najisi huoshwa mpaka athari iondoke, basi. Hata suuza yetu ya siku ya kwanza pengine ilitosha, na mwanafunzi wangu yeyote wa darasa la pili angeniambia hivyo. Lakini athari ni rangi, harufu na ladha, na ladha si ndiyo hiyo tuliyokuwa tukiisifu? Miezi miwili nimemnywesha mgonjwa wangu, nimetia zamzam humo, nimepuliza Yasini humo. Elimu ilikuwa kichwani, lakini moyo ulikataa kuisikiliza. Nilipoingia ndani nilitia udhu, nikashuku, nikatia tena.

Mke wangu alikuwa amelala kidogo, kama alivyolala mchana wa siku za mashine. Nikaichukua chupa dirishani, nikamwaga maji, nikaisokomeza ndani ya kiatu changu cha theluji kabatini. Alipoamka akaulizia finjani yake.

"Limeniponyoka," nikasema. "Limevunjika."

Hivyo ndivyo mtu aliyekimbia najisi ya chombo alivyoingia kwenye najisi ya ulimi. Mzee wa miaka sabini na moja. Sikupanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe, nao ukakaa kwenye kochi katikati yetu.

Hakunilaumu. "Mikono yako imezeeka, mume wangu," alisema tu, akageuza uso dirishani.

Nikamwekea maji kwenye gilasi. Akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akaomba mengine. Barafu ikarudi. Nilimkuta mara mbili amesimama kwenye sinki, bomba linatiririka, anafuta mdomo kwa kanga kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Miguu ikavimba, kandambili zikaacha alama. Hospitalini mizani ilipanda, na siku hiyo mashine ilimvuta maji mengi mpaka mikakamao ya miguu ikampata na akalia kwa sauti, yeye ambaye alinizalia watoto wanne bila jirani kusikia. Muuguzi akaniuliza, kumebadilika nini nyumbani? Nikasema sijui. Huo ukawa uongo wa pili.

Sikutulia tena. Nikisali, nilisahau rakaa. Nikifundisha, watoto walisoma na mimi nikatazama viatu vyao mlangoni. Mara tatu kwa siku nilifungua kabati, nikaigusa ile shingo ndani ya kiatu, nikafunga. Niliwaza kuirudisha kwa mwenyewe, lakini nimwambie nini? Kwamba kumbukumbu ya mumewe ni uchafu? Niliwaza kumpigia shekhe, lakini nilijua angenijibu kwa hukumu ileile niliyokwisha kuijua, kisha angeniuliza mbona nimedanganya.

Alhamisi moja nilitoka bafuni nikamkuta mke wangu amevaa buibui na koti, amejifunga mtandio, mkono uko kwenye kitasa.

"Unakwenda wapi na miguu hiyo?"

"Kwa jirani. Kumwomba radhi. Sadaka ya marehemu imevunjika mikononi mwetu, na wiki mbili sasa namkwepa kwenye lifti kama nimemwibia kuku."

"Ngoja kesho."

"Jana ulisema ngoja leo."

"Kuna baridi."

"Ukumbini, Maalim?"

Akafungua mlango. Nikaona jinsi itakavyokuwa: atainama mbele ya yule bibi na miguu yake iliyovimba, aombe msamaha kwa jambo ambalo halikutokea, na bibi atalia kwa ajili ya chupa iliyomo ndani ya kiatu changu. Nikaufunga mlango kwa mgongo wangu.

"Halikuvunjika," nikasema.

Nikamweleza yote, nimesimama palepale: kikaratasi, neno lililonidanganya, miaka arobaini, udongo unaokunywa. Alisikiliza bila kuvua koti. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Liko wapi?"

Nikafungua kabati, nikalitoa kiatuni.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Kiatuni! Chombo ulichokisomea Yasini kwa mdomo wako, umekitia kiatuni? Unaogopa pombe ya maiti, huogopi unyayo wako?"

Nikalipangusa kwa upindo wa kanzu.

"Limelambwa na mbwa?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi zile mara saba za kuosha, pamoja na udongo, hazituhusu. Na ingekuwa hivyo, udongo si ndio huu wenyewe! Miaka thelathini umewafundisha watoto wa watu kuosha vyombo, leo chako kimekushinda?"

"Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa habari za vyombo vya wanaonywea ulevi," nikasema, na nikasikia sauti yangu imekuwa ya darasani, nikaona haya. "Alisema mkipata vingine msivitumie, msipopata vioshe­ni. Sisi kabati limejaa gilasi, mama watoto. Tumepata vingine."

Akakaa kitini, akanionyesha miguu yake. Vidole vilikuwa vimejaa kama tangawizi.

"Tumepata kingine cha kunywea," alisema. "Cha kunikata kiu, tumepata?"

Nimesoma mlango ule wa fiqhi kwa walimu wawili na nimeusomesha mara nisizoweza kuhesabu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikaiosha. Yeye alikivuta kiti mpaka mlango wa jikoni akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Nikaijaza maji nikayaacha ndani, nikayamwaga siku iliyofuata, nikajaza tena, siku nne. Ilikuwa tahadhari yangu hiyo, wala hakuna aliyeniamuru. Alinivumilia na barafu yake. Na siku ya tano alivaa tena buibui.

"Radhi ya nini sasa?" nikauliza. "Lipo zima."

"Si radhi. Tumemwombea mumewe miezi miwili kwa makosa yako ya Kiingereza. Angalau mjane wake ajue."

Walikaa kule mpaka adhuhuri ikanikuta peke yangu. Sijui walivyoelewana, lakini nilisikia vicheko viwili kupitia milango miwili, na aliporudi alisema jirani anashukuru, na anauliza kama Sensei amepoa.

Alikunywa kwenye chupa ile kwa miaka mitatu iliyobaki ya maisha yake, finjani saba na finjani saba, na mizani ya hospitali ikarudi kututendea wema. Lakini ninalolikumbuka zaidi ni adhuhuri ile aliporudi kwa jirani. Nilimimina finjani ya kwanza. Kama utamu umeondoka, basi kweli ulikuwa wa ile pombe niliyoiogopa. Kama umebaki, je, umebaki wa nini? Nilimtazama koo.

"Matamu," alisema.

Sikujua nifurahi au niogope. Akajaza ya pili akanisogezea.

"Kunywa, Maalim. Usiniache peke yangu humu."

Nikasema Bismillahi, nikanywa. Nikasema Alhamdulillahi, na nilikuwa namaanisha. Kisha nikainuka nikaenda kutia udhu upya, na maji yakitiririka nilimsikia sebuleni akinicheka, mpaka akapaliwa.