Yowe la Mama Mkwe Lilivyoingia Kwenye Filamu ya Kutisha

Majirani walivunja mlango wangu Jumanne, saa nne asubuhi, wakanikuta nimepiga magoti sakafuni, kisu mkononi, shati limelowa wekundu.

Mbele yangu alikuwa amelala marehemu.

Marehemu mwenyewe alikuwa kabichi.

Chekeni tu. Hata mimi nilicheka siku ile, na kicheko kile kilikuja kunitokea puani.

Mimi ni fundi sauti wa filamu. Ukisikia mtu anavunjwa shingo, si shingo ile. Ni mimi nasokota kabichi karibu na maiki. Kisu kikizama tumboni, ni mimi nachoma tikiti. Damu ikidondoka, ni nyanya mbivu na kitambaa kilicholowa.

Mwaka huo nilikuwa kwa dairekta mmoja tuliyemwita Mkuu. Mwenyewe alijiita Baba wa Hofu, lakini hakuna aliyeweza kulitamka hilo bila kuuma midomo.

Mkuu alikuwa anatengeneza filamu moja yenye hadithi tano za kutisha. Ya kwanza, kioo kinachoua. Ya pili, kabati linaloua. Ya tatu, paka. Ya nne, bibi harusi asiye na kichwa, ambaye kwa sababu nisizozijua mpaka leo alivaa hereni.

Ya tano haikuisha. Mwigizaji mkuu aliondoka katikati akaenda kuolewa.

Mkuu hakutetereka. Akaiita filamu "Vifo Vinne na Nusu."

Shida ilikuwa moja. Hakuna aliyeweza kupiga yowe. Dada mwigizaji tuliyebaki naye alilia kama mtu aliyekanyagwa kidole kwenye foleni.

"Ogopa, dada!"

"Naogopa, Mkuu."

"Sasa mbona unaogopa kwa adabu?"

Ndipo ikaja Jumanne hiyo.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu. Mwanamke wa maneno machache, na mengi katika hayo machache yalinihusu mimi. Kwake, mwanaume mzima kupasua mboga asizozipika haikuwa kazi, ulikuwa ugonjwa.

Alikuja bila taarifa. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu hospitalini na simu kaisahau mezani. Mimi nimejifungia sebuleni, hedifoni masikioni, sisikii chochote ila kabichi yangu.

Mama mkwe akasimama mlangoni. Akasikia mifupa inavunjika. Akasikia mtu anakabwa, anakoroma, anakata roho. (Nilikuwa najikaba mwenyewe. Kazi ni kazi.)

Akabisha. Mlango haukufunguliwa.

Akampigia binti yake. Simu ikaita humo humo ndani.

Wewe ungefikiria nini?

Majirani wakaja na mabega yao, mlango ukalala chini. Mama mkwe akaniona mimi, kisu, na wekundu. Kabichi hakuiona.

"Mwanangu!"

Na baada ya hapo likatoka yowe. Sijui nilielezeje. Halikutoka kooni. Lilitoka mahali pa chini zaidi.

Tulipoelewana, majirani walicheka mpaka wakashika kuta. Nikacheka nao. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, glasi ya maji hakuigusa.

"Yuko wapi?"

"Kazini, mama."

"Mpigie."

Nikapiga hospitali. Aliposikia sauti ya binti yake, alifumba macho, akarudisha simu, akaondoka bila kuaga.

Nilipogeuka, taa nyekundu ya rekoda ilikuwa bado inawaka.

Nikasikiliza. Vinyweleo vya mikono vikasimama.

Nikakata neno "mwanangu," nikabakisha yowe, nikamtumia Mkuu. Sikumwambia mama mkwe. Sikumwambia hata mke wangu. Na tusidanganyane hapa: sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

Mkuu alinipigia akikaribia kulia. "Huyu mwigizaji umemtoa wapi?"

"Ni mtu wa familia."

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa viti mia mbili. Mke wangu alishikilia lazima mama yake aje. "Aone kazi yako kwa macho yake, ugomvi uishe."

Nilipiga hesabu zangu. Yowe ni sekunde tatu, lipo kwenye hadithi ya kwanza tu, limechanganyika na kioo kinachopasuka. Hatalitambua.

Sikujua Mkuu alikuwa amefanya nini.

Hadithi ya kwanza ilisinzia dakika ishirini. Kisha kioo kikapasuka, yowe likatoka. Ukumbi mzima uliganda. Baba mmoja aliangusha soda. Nikajisikia mtu.

Mama mkwe alikaa wima, kiganja kooni.

Hadithi ya pili. Kabati likafunguka lenyewe taratibu. Badala ya mlango kulia, likatoka yowe. Lile lile.

"Kumbe kabati lina mama ndani!" mtu akasema. Watu wakacheka.

Ya tatu. Paka akafungua mdomo. Yowe.

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga mapaja, walifuta machozi, walishikana mabega.

Kufika hadithi ya nne, watu walikuwa wanasubiri. Bibi harusi alipojitokeza, watu wa viti vya nyuma wakahesabu, "Moja, mbili, tatu!" na watu mia mbili wakapiga yowe pamoja naye, kila mmoja akiliigiza kwa madaha yake. Bibi harusi hana kichwa. Usiniulize lilitokea mdomo gani.

"Hiyo ni sauti yangu," mama mkwe akasema.

Hakupaza. Alimwambia binti yake tu.

Mke wangu akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikatazama mbele.

"Nakuuliza wewe. Ni kweli?"

"Ndiyo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mama mkwe naye alikuwa anawatazama wale wanaocheka, mstari kwa mstari, kama mwalimu anayetaka kujua darasa linacheka nini.

Niliinuka nikapanda chumba cha mitambo. Mkuu alikuwa mlangoni, uso unang'aa.

"Umeona wanavyofurahia?"

"Wanacheka, Mkuu. Hii ni filamu ya kutisha."

"Kicheko ni hofu iliyochangamka."

Nikampita nikachomoa waya wa spika. Akanidaka ukosi.

"Rudisha sauti!"

"Nusu iliyobaki itakwenda hivi hivi."

"Basi kazi na mimi imeisha."

"Imeisha."

Ile nusu ya tano ikaenda kimya. Mwanamke anatembea kwenye korido, anafika mlangoni, anashika kitasa. Basi. Ndipo mwigizaji alipoenda kuolewa. Watu walisubiri yowe. Halikuja. Taa ziliwashwa wakiwa bado wamekaa, hakuna anayemtazama mwenzake.

Nje nilimkuta mama mkwe kwenye benchi, mke wangu pembeni yake. Nikasimama kama mtuhumiwa.

"Nilikuwa na mtoto kabla ya huyu," akasema. "Ukuta ulimwangukia akicheza. Alikuwa na miaka sita. Nilipiga yowe kama lile. Majirani walikuja, na hakuna aliyecheka."

Mke wangu alijua aliwahi kuwa na kaka. Hakujua alikufaje. Alimshika mama yake mkono.

"Sikujua, mama. Nisamehe."

"Hukuuliza." Akaniinulia macho. "Na pale mwanzo nilisema 'mwanangu.' Mbona halimo?"

"Nililikata. Halikufaa kwenye filamu."

Akatikisa kichwa polepole.

"Hilo ndilo lilikuwa yowe lenyewe. Mengine yote ni kelele tu."

Jumatatu gazeti likaandika kwamba filamu ni takataka nne na nusu moja ya ajabu. Likasifu "ukimya wa kijasiri" wa kipande cha mwisho. Jioni Mkuu alikuwa redioni, kanyoosha sauti: "Ukimya ule niliukusudia tangu mwanzo."

Na kesho yake akanipigia. Anataka kutengeneza filamu nzima isiyo na sauti hata chembe.

Anatafuta fundi sauti.

Nikamwambia sharti moja: yowe lile alifute kila lilipo, mbele ya macho yangu. Akalifuta. Nikamshukuru, nikamwambia kazi yenyewe siitaki. Sasa narekodi vitabu vya kusikiliza, na kabichi nyumbani kwetu tunakula.

Nakala ya mwisho ilikuwa kwangu. Nilimpelekea mama mkwe, nikamwonyesha pa kubonyeza ili kulifuta. Alivaa hedifoni, akasikiliza mara moja tu, akabonyeza mwenyewe. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi kila mtu ana kifaa cha kurekodi mfukoni. Ukisikia mtu analia, nenda kwanza ukamuulize anamlilia nani. Ukishalijua jibu, uone kama bado utataka kurekodi.