Karatasi Kwenye Platini

Clarrie Tregilgas alipiga kiki kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikakohoa hewa tupu, ikanyamaza. Mkewe Lorna alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na birika la chai mkononi, moyo ukimwenda mbio utadhani yeye ndiye anayepiga.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya silinda moja, ya enzi za babake Clarrie. Ilikaa miaka na miaka nyuma ya banda la kuku pale Moonta, mji wa wachimba migodi wasiojua kukaa bure, hadi nyigu wakajaza udongo kwenye bomba la moshi na panya wakazalia kitini. Clarrie aliivuta nje wiki ile ile aliyotoka hospitali, moyo wake umeshonwashonwa. Daktari alimwambia apumzike. Jamani, mwambie mtu wa Moonta apumzike! Akaifungua yote, akasugua kutu, akazibua kabureta kwa sindano ya Lorna ya kushonea, na damu ikamrudi usoni. Lorna alifurahi kwelikweli. Furaha ikamwisha aliposikia kwamba Jumamosi itawashwa.

Maana wazee wenzake wanaokutana bandani mwake kufufua mitambo mikuukuu wana sheria yao, na wanaishika kuliko ya kanisani: aliyeiunda injini ndiye apigaye kiki, na mwingine haigusi mpaka mwenyewe aseme ameshindwa. Na kiki ya injini ile ni nzito, tena ikirudisha mguu humrusha mtu.

"Si umwachie Nev apige?" Lorna alimsihi. Nev ni rafiki ya Clarrie tangu shule, naye ni mmoja wa wazee hao.

"Nev? Heri nimwite kasisi anizike kabisa."

Basi Ijumaa mchana, Clarrie akiwa amelala, Lorna akanyemelea bandani. Clarrie mwenyewe ndiye aliyemfundisha, enzi za uchumba wao: unabana karatasi ya sigara kwenye platini, vile vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche, unazungusha injini polepole, karatasi ikilegea tu, hapo ndipo cheche inaporuka. Ukiisahau humo, hupati cheche hata ukeshe. Akaibana, akarudisha kifuniko. Alijiambia mzee atapiga mara mbili tatu, atachoka, atakuja ndani kula pasti yake, andazi la nyama na viazi.

Kuishi naye miaka yote ile, kumbe hamjui! Jumamosi ilipofika, mbele ya wazee wote, Clarrie hakuchoka. Alipiga, akafuta jasho, akapiga tena.

"Petroli inafika?" aliuliza Nev.

"Inafika."

"Plagi?"

"Mpya."

"Basi ubovu uko mguuni, mzee. Unapiga kama bata!"

Wazee wakaangua kicheko, na kicheko kile kikampandisha Clarrie mori. Akapiga mfululizo, midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Lorna akaona giza. Alitaka kumwokoa, na sasa anamuua kwa mkono wake mwenyewe.

"Clarrie!" akapaza sauti. "Fungua platini!"

Nev akawahi kufungua, akachomoa karatasi, akaiinua juu. "Haya, tazameni! Fundi kasahau karatasi yake! Kwisha habari yako, mzee!"

Wote walicheka isipokuwa Clarrie. Aliitazama mikono yake, akaigeuzageuza.

"Sikumbuki," alisema polepole. "Sikumbuki kabisa. Ichukue, Nev. Mimi sifai tena."

Hilo ndilo Lorna alilolitaka tangu mwanzo, aiache. Lakini sauti ile hakuwahi kuisikia, hata kule hospitali. Ikamkata maini.

"Acheni kumcheka," alisema. "Karatasi nimeiweka mimi."



"Wewe?" Clarrie alimgeukia. "Kwa nini, Lorna?"

"Kwa sababu sitaki kukuzika, mjinga wewe!" Birika likamponyoka, chai ikamwagika miguuni mwao.

Clarrie alishuka kwenye pikipiki, akaketi juu ya kasha, akihema. 

"Nev, piga wewe," alisema Clarrie.

Nev akapiga. Injini ikanguruma, vumbi likadondoka kutoka kwenye mabati. Hakuna aliyeshangilia. Clarrie alimvuta mkewe karibu, akamwekea mdomo sikioni kwa sababu ya kelele.

"Tangu kiki ya pili nilikuwa naogopa," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aniambie niache, na wewe umesimama tu pale mlangoni."