Pikipiki Tano Mbele ya Jeneza

Mwaka ule mvua zilipoivunja barabara ya Vanga, nilikuwa ofisa wa mifugo Msambweni, na upande ule hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha pikipiki. Aliyenifundisha ni kijana mmoja mwanajeshi, alipokuja likizo, katika uwanja wa mpira, wenzake wakitucheka.

"Waache wacheke, dada," aliniambia. "Wewe tazama mbele."

Baadaye akapelekwa kulinda amani katika nchi ya watu, na huko akauawa.

Siku moja kabla ya lori la jeshi kumleta kijijini kwao kuzikwa, mjomba wake alinijia ofisini. Dereva alikuwa mgeni, asingejua pa kupita. Mjomba alikuwa akitafuta wenye pikipiki wa kutangulia, nami nikamwambia nitakwenda.

Akasita. "Mwanangu, kusindikiza jeneza ni kazi ya wanaume."

"Makaburini sitaingia, mjomba. Lakini njia hiyo naipita kila wiki. Nani mwingine anaijua hivyo?"

Alivaa kofia yake, akainuka. "Basi uwahi," akasema.

Asubuhi tulikutana watano: mimi, mwalimu mmoja, fundi kutoka Bongwe, katekista wa kwenye mashamba ya skimu ya makazi, na dereva wa hoteli ya Diani, mtu wa bara ambaye hata hakumjua marehemu. Nilimwuliza kilichomleta.

"Huyu ni soja wetu, sista," akanijibu. "Siwezi kaa tu."

Tuliwasha taa mchana kweupe, tukatangulia polepole, lori likifuata alama za magurudumu yetu. Tulikwenda vizuri mpaka mtoni. Hapo tulikuta kalavati, daraja dogo la bomba, limechukuliwa na maji. Katekista alikunja suruali akaingia kupima, na maji yakamfika kiunoni. Ofisa wa jeshi akashuka, akatazama, akasema watarudi Msambweni, maiti ikae mochari mpaka maji yapungue.

"Kaburi limeshachimbwa, afande," nikamwambia. "Mama yake anamngoja leo."

"Na utamvushaje?"

"Kwa mabega. Nipe nafasi niwaite watu."

Wenzangu wanne waliibeba pikipiki yangu juujuu wakaivusha. Nikaenda peke yangu. Ng'ambo ya pili ilikuwa tope tupu. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena, na safari hii goti likachanika. Niliona hasira zaidi kuliko maumivu. Nilijua nikirudi mikono mitupu lori litageuza.

Kijijini kwao niliwakuta wanaume wakitoka msikitini baada ya adhuhuri. Nilisimama nje, tope mpaka kwenye mtandio, nikawatolea salamu.

"Amefika mtoni," nikasema. "Lori haliwezi kuvuka. Twendeni tukamchukue."

Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Imamu alikunja kanzu yake akaifunga kiunoni, akashika njia. Wote wakamfuata.

Walimvusha wakisaidiana na askari, maji yakiwa kiunoni, jeneza likiwa juu ya vichwa. Pikipiki za wenzangu nazo zilibebwa. Kisha tukatangulia tena kwa mwendo wa mguu, na nyuma yetu wabebaji wakapokezana, viatu vya jeshi na miguu mitupu katika tope lile lile.

Mama yake alikuwa kibarazani na wanawake. Nilizima pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye anayekuja?"

"Ndiye, mama."

Wanaume walipokwenda kumzika, nilibaki naye kama nilivyomwahidi mjomba. Askari walipopiga risasi za heshima alishtuka kwa kila mlio, nami nikamshika mabega. Baadaye aliniuliza mwanawe alikufaje. Sikujua, nikamwambia sijui. Halafu akauliza ni nani waliomleta.

Hilo nililijua. Nikamweleza mmoja mmoja: mwalimu, fundi, imamu na kanzu yake iliyolowa, katekista, na yule mtu wa bara aliyekuwa bado amekaa uani, akikamua maji kwenye shati lake.

"Mwite aje ale," akasema.