Mkono Juu ya Kompyuta

Nyumbani kwetu Boito, mama hakuniruhusu kugusa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilikuwa nakifungua kabla maziwa hayajaiva, halafu nalalamika kwamba hayana ladha. Kungoja hakukuwa kazi yangu.

Basi kiwanda cha majani chai kikaniajiri kwa majaribio, karani wa kompyuta ya kwanza waliyowahi kununua. Asubuhi moja niliiagiza ihamishe habari za wakulima wote kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Aliyenifundisha kompyuta kule Kericho alikuwa amenionya: kazi hiyo ikikatizwa katikati, zote mbili zinaharibika. Meneja naye alisema kazi hiyo ndiyo itaamua kama nitabaki.

Kabla ya chai ya saa nne, dirisha la programu likawa jeupe pe. Nilibonyeza, halikujibu.

Hapo ndipo akaingia fundi mkuu wa mitambo, mikono imejaa grisi. Sheria yake kiwandani ilikuwa moja: mashine ikikwama, kata umeme kabla haijaungua. Sheria hiyo ilikuwa imeokoa vidole vya watu wengi, na hakuna aliyeibishia.

"Hii imekwama," alisema, tayari anainamia swichi ya ukutani.

"Mzee, usizime!" Nilipiga kelele, mimi mtoto wa juzi, mbele ya mtu ambaye hata meneja alimsalimia kwanza.

"Lakwet, mtoto wangu, itachomeka. Si unaona haijibu?"

"Weka mkono hapo juu kwanza, vile unawekanga kwa mashine ya kukausha majani."

Alifuta kiganja kwenye ovaroli, akakiweka juu ya kasha la kompyuta. Ndani diski ilikuwa inakwaruza, na taa ndogo ya mbele ikipepesa.

"Iko hai," alisema. "Inafanya kazi, ni kuongea tu haitaki."

Angeweza kwenda zake. Badala yake alivuta kiti, akakaa kati ya swichi na mlango. Waliokuja kuchungulia aliwafukuza. Alipoitwa akaangalie mtambo uliokuwa unapiga kelele, alimtuma msaidizi wake: "Waambie niko na mgonjwa." Chai yake ilipoa bila kuguswa. Mimi vidole viliniwasha kubonyeza kila kitu, ikabidi nivikalie. Mpaka leo namshukuru mzee yule, maana peke yangu nisingeweza.

Dirisha lilirudi wakati watu wa zamu ya jioni wanaingia. Rangi zilianza, kisha majina, kila mkulima mahali pake. Nililia, wala sioni haya kusema. Mzee alinyoosha mgongo, akaomba chai nyingine.

Meneja alipokuja, alimuuliza yeye, si mimi, kama huyu msichana ataiweza hiyo mashine.

"Huyu anajua kungoja," fundi akasema.

Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaenda kuleta kibuyu cha mursik, akakiweka mikononi mwangu, akaniambia nikifungue siku nitakayoona maziwa yameiva.