Nilivyoamua kubadilishwa nyonga nikiwa na miaka 46, mume wangu akiwa hataki

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka sasa. Nacheka na nyie, najifunza, naondoka bila hata kuacha like. Leo naandika kwa sababu juzi nimeona dada mmoja kauliza kuhusu operesheni ya nyonga, na wengi wamemjibu kwa kumtisha.

Nitakayosema yamenipata mimi mwenyewe. Pale nilipoogopa nitasema niliogopa.

Naishi Songea, Mfaranyaki. Ni fundi cherehani, nashona magauni na sare za kwaya. Nina miaka 48, mume na watoto watatu. Mtaani wananiita Mama Deo.

Maumivu yalianza nikiwa na 42. Yalikuwa kwenye kinena, upande wa kulia. Nikadhani ni mambo ya kike. Nikatibiwa UTI, nikatibiwa typhoid. Mnatujua, kwetu mtu hatoki hospitali bila moja kati ya hayo.

Baadaye yakashuka mpaka kwenye goti. Goti likapigwa picha, likaonekana zima. Nikachuliwa kwa mafuta ya kila aina. Kuna mama alinichua mpaka nikamwomba aache, naye akasema ndiyo ugonjwa unatoka.

Haukutoka.

Ilifika mahali siwezi kuchuchumaa. Mguu wa kukanyagia cherehani ndio huohuo wa kulia, basi nikawa nashona nusu saa, napumzika saa nzima. Kuvaa soksi, mpaka binti yangu anivalishe. Kanisani wenzangu wakipiga magoti mimi nainamisha kichwa tu.

Aliyeujua ugonjwa wangu ni daktari mmoja mama. Aliniangalia nikitembea kutoka mlangoni mpaka mezani kwake, na kabla sijakaa akasema, "Mama, goti lako halina shida. Hiyo ni nyonga."

Picha ilipotoka hata mimi nisiyesomea nililiona tatizo. Upande wa kushoto kichwa cha mfupa ni duara zuri. Upande wa kulia kimebonyea, kimesagika. Akaniambia damu ilikuwa haifiki vizuri pale, mfupa ukafa taratibu.

"Dawa nitakupa," akasema, "ila inatuliza tu. Mwisho wake ni kuwekewa kiungo bandia."

Nikamuuliza, je, nikisubiri mpaka nizeeke?

"Unaweza. Na sikufichi, kiungo bandia nacho kinachakaa. Ukiwekewa mapema, huenda siku moja ukahitaji kurudia. Lakini jiulize hiyo miaka ya kusubiri utaiishije."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Usiombe kupewa uamuzi ambao pande zote mbili zina ukweli.

Baba Deo alikataa. Hakugomba, si mtu wa kugomba. Alisema tu, "Hapana, mama. Kwenye kisu hapana."

Nilijua kwa nini. Kaka yake aliingia kupasuliwa ngiri kwa miguu yake mwenyewe, anatania watu. Hakutoka hai. Baba Deo ndiye aliyesaini karatasi. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Na mimi moyoni nilishukuru kwamba amekataa. Nilipata mtu wa kumsingizia woga wangu.

Tukakaa hivyo karibu miaka miwili. Wifi yangu akawa analeta mizizi ya kuchemsha. Google nayo ikanimaliza kwa stress, kila ukifungua unakuta mtu kakatwa mguu.

Kisha shangazi yangu akafariki, kijijini upande wa Peramiho. Shangazi aliyenilea.

Mnajua msiba wa kwetu, wanawake tunakaa chini kwenye mikeka. Mimi sikuweza. Nikaletewa kiti cha plastiki, nikakaa pembeni karibu na wanaume, siku mbili nzima. Nikasikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Amekuwa mtu wa mjini, mkeka wetu utamchafua."

Nililia pale watu wakadhani namlilia shangazi tu.

Baada ya msiba, mteja wangu mmoja wa Namtumbo akaniambia baba yake mdogo, mkulima wa tumbaku Lusewa, alibadilishwa nyonga na anatembea. Nikamwambia Baba Deo, sikuombi ruhusa ya kupasuliwa, nakuomba unisindikize nikamwone huyo mzee. Akakubali.

Mzee Rashidi tulimkuta nyuma ya nyumba anarekebisha uzio wa mbuzi. Alipotuona akasimama, akatembea kutupokea. Macho yangu yote yalikuwa miguuni kwake, hata shikamoo nikachelewa kuitoa.

Akacheka. "Tazama tu, mwanangu. Wote wanaokuja hutazama huko kwanza."

Akaninyooshea mguu, akaukunja, akatembea kwenda na kurudi. Hakuupamba. Alisema mguu ule si wa ujana, kuna vitu havifanyi tena, na wiki za mwanzo alijuta. "Lakini maumivu yale ya kusaga, Alhamdulillahi, sijayasikia tena."

Baba Deo akamuuliza, "Mzee, hukuogopa kufa?"

Mzee akakaa kwanza.

"Niliogopa, baba. Niliogopa miaka tisa. Miaka tisa hiyo mke wangu alilima peke yake. Anapanda peke yake, anavuna peke yake, akirudi anichemshie maji ya kuoga. Akawa ananiambia kila mwaka, nenda. Nami nasema mwakani. Akafariki, Mungu amrehemu. Mwaka uliofuata nikaenda kupasuliwa. Sasa mguu ninao, wa kutembea naye hayupo."

Mjukuu wa kike akaleta uji, tukanywa.

Kwenye basi la kurudi, Baba Deo alitazama dirishani mpaka tumepita Namtumbo mjini. Kisha akasema, "Nimekuwa nikiiogopa siku moja ya theatre. Siku nyingine zote unazoteseka sikuwa naziona."

Tulipokaribia Songea akaongeza, "Kawaambie wakupangie tarehe. Ila usaini mwenyewe."

Nilisaini mwenyewe.

Operesheni ilifanyika hospitali kubwa nje ya mkoa. Gharama sitazielezea, kila mtu na njia yake, ulizeni mapema hospitali mtakakokwenda.

Nilichomwa ganzi ya mgongo. Kwa hiyo wakuu, nilikuwa nasikia. Siyo maumivu, sauti. Wanagonga kama mafundi wa paa. Nikamuuliza nesi aliyekuwa upande wa kichwani, "Wanajenga nini huko?" Akasema, "Wanakujengea nyumba, mama, tulia." Nikacheka huku machozi yanatoka.

Kesho yake wakanisimamisha. Nilidhani wanatania. Hatua tatu kwa kile chuma cha kutembelea cha miguu minne, jasho linatiririka, lakini ile sumu ya kinena haikuwepo. Maumivu ya kidonda yalikuwepo, makali, ila ni maumivu mengine kabisa. Aliyeteseka atanielewa.

Isiwe kama nasimulia sherehe. Wiki ya pili kidonda kilitoa majimaji, nikalazwa tena siku nne, Baba Deo hakula vizuri siku zote hizo. Na miezi mitatu ya mwanzo nilikatazwa kuchuchumaa na kukalia vitu vifupi.

Sasa choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Baba Deo akaenda mwenyewe kwa seremala kueleza anataka kiti kirefu chenye tundu katikati. Mwanaume yule ana aibu, hata kununua kanga yangu huwa anamtuma mtoto. Lakini alisimama pale akaeleza na vipimo, mafundi wakimcheka. Kila asubuhi alikiosha yeye. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Leo ni karibu miaka miwili. Nashona, sasa kwa cherehani ya umeme. Soksi navaa mwenyewe. Kuchuchumaa bado sichuchumai, na mvua zikianza mguu unanikumbusha upo. Sijui kama nitarudia operesheni nikiwa na sitini na kitu. Ikibidi, nitakwenda.

Nilichojifunza: pateni vipimo sahihi kabla ya kuchuliwachuliwa. Mwulizeni daktari ubaya wa operesheni pia, siyo uzuri tu. Na kama mwenzako anakataa, usimwone adui, mtafutie mtu aliyepita njia hiyo amsikie mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda sokoni kununua dagaa wa Nyasa. Nilikatiza soko zima, kikapu mkononi, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kunitazama. Raha ya kutotazamwa huijui mpaka uwe umechechemea miaka minne.

Waliofanyiwa, tuambieni mna mwaka wa ngapi na hali ikoje. Wanaoogopa, ulizeni chochote, hata la chooni. Nipo dukani, nitajibu kati ya mteja na mteja.